Karatasi Iliyobaki Kwenye Mkoba

Haya ninayowaambia sikuambiwa na mtu, wapendwa. Niliona mwenyewe, kwa macho haya mawili, na mnajua macho yangu: naweza kumwona sisimizi akipiga mwayo upande wa pili wa barabara. Nilikuwepo. Kwa hiyo yule anayecheka pale nyuma atulie kidogo, leo si siku ya kucheka.

Kulikuwa na dada mmoja, afisa habari wa idara ya maji kwenye mji fulani. Mji wenyewe siutaji, watu wake wana hasira. Dada huyu alikuwa na kalamu kali. Akiandika tangazo la maji kukatika, unasoma unatamani yakatike tena. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, na korido lile lilikuwa refu kiasi kwamba mwanamume akiingia amenyoa, anafika mlangoni ana ndevu.

Kwenye chumba hicho walikuwa watatu. Yeye, kaka mmoja wa mitandao ambaye simu haikutoka mkononi hata akinawa, na mzee wa gari la spika, yule anayezunguka mitaani akitangaza. Sasa sikilizeni tatizo lilipoanzia. Aliyewaajiri aliwaandikia wote watatu mstari uleule kwenye barua zao: kazi yako ni kutoa taarifa kwa wananchi. Watu watatu, mstari mmoja. Na nje ya mlango wa mkurugenzi kulikuwa na ubao, kila mwezi linabandikwa jina la aliyetoa taarifa kubwa kuliko wenzake, na picha yake, na anapigiwa makofi wakati wa chai. Dada alikuwa amebandikwa miezi minne mfululizo. Mwezi huu alitaka wa tano.

Siku hiyo saa mbili asubuhi simu ikalia mezani kwake. Fundi wa mtambo.

"Dada, andika. Dawa ya kusafishia mabomba imemwagikia kwenye tangi kubwa. Maji yameshaingia mitaani. Mtu asinywe mpaka kesho. Na usiwaambie wachemshe, umenielewa? Ukiyachemsha ndiyo ukali unazidi."

Akaandika yote kwenye karatasi. Nyumbani kwake alikuwa na mama yake mzazi, amekuja kutibiwa macho, na mama yule asubuhi bila chai haongei na mtu. Akapiga simu nyumbani. Haikupokelewa. Akajiambia, mama bado amelala.

Kaka wa mitandao akainua shingo. "Kuna nini? Nipe nirushe sasa hivi."

"Subiri, naipanga vizuri."

"Dada, maji hayakusubiri uipange."

"Nimesema subiri. Hii ni ya redio kwanza. Wewe utachukua nikishaisoma."

Mzee wa spika alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, gari linanguruma nje. Alisikia neno maji, akasikia neno redio, akaunganisha.

"Binti yangu, nipe hiyo karatasi. Nusu saa tu nimemaliza mji mzima."

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Karatasi."

Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. "Mzee wangu, redio ikishatangaza utapata nakala yako."

Mzee akamtazama. "Miaka kumi na minane nawaambia watu wa mji huu habari za maji. Leo nisubiri redio? Maji yakiharibika najua cha kusema." Akaondoka. Dada alimsikia akitoka, akajua amekasirika, na alifurahi kidogo. Msimzomee. Nani kati yetu hajafurahi mwenzake akiondoka mikono mitupu?

Akakimbilia redioni. Pale kijana wa mapokezi... hapana, mwacheni huyo, hana kazi. Watangazaji wakamwambia: dada, tunaweza kukuweka sasa hivi, katikati ya nyimbo, dakika moja. Au usubiri taarifa ya habari saa nne kamili, mkoa mzima unasikiliza.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Wapendwa, mngefanya nini? Jibuni moyoni, msijibu kwa midomo, midomo yenu naijua.

Alisubiri saa nne.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Akapiga simu nyumbani, haikupokelewa. Moyo ulikuwa unadunda hivi, mpaka saa ya ukutani ikakosea mapigo. Akafungua simu, akaona kaka wa mitandao amesharusha ya kwake. Alikuwa amempigia fundi mwingine, ambaye hakuwa na habari kamili: Ndugu wananchi, maji yatakuwa salama saa sita mchana. Chini yake watu elfu moja wameuliza: salama kwani sasa hivi yana nini? Dada akasema kimoyomoyo, amekosea, nitamrekebisha redioni. Hakusema nimpigie sasa hivi. Mnaona? Kosa la mwenzake lilikuwa linamwongezea yeye picha ubaoni.

Ndipo akaisikia spika. Inakuja kwa mbali, inapita chini ya dirisha, sauti ya mzee imejaa barabara yote mpaka vioo vinatetemeka.

"Wananchi, maji ya leo yamepata hitilafu. Chemsheni kabla ya kunywa. Narudia, chemsheni, yatokote vizuri."

Aliruka kutoka kwenye kile kiti, nadhani hakushuka chini mpaka nje ya geti. Akampigia mzee. Mzee asikie simu wapi, na lile lidude juu ya kichwa chake? Akakimbia nyuma ya gari, kiatu kimoja kikabaki barabarani, gari likakata kona. Akapiga nyumbani. Safari hii ikapokelewa.

"Mama. Mama, maji usinywe."

"Ndiyo, mwanangu, gari limepita na mtaa wetu. Nimechemsha. Yametokota mpaka kifuniko kikaruka."

"Mama, umekunywa?"

"Kikombe kimoja tu. Jirani alikuja, ameona kwenye simu yake eti mpaka saa sita, hajui ashike lipi. Nikamwambia hayo ya simu ni ya wahuni, mwanangu yuko idara ya maji, gari ndilo la kwenu. Na yeye nimemmiminia." Akakohoa. "Sasa hili koo mbona linawaka hivi?"

Mkoba ulikuwa begani. Karatasi ilikuwa ndani. Zipu ilikuwa imefungwa.

Wote wawili, mama na jirani, walipelekwa hospitali. Jirani alitapika, akapata nafuu siku ileile. Mama alikaa sana ndani. Wale watatu wakakutana kwenye benchi, nje ya wodi. Dada akaitoa ile karatasi akampa mzee. Mzee akaisoma, akalia. Kaka akaweka simu chini, mara ya kwanza tangu azaliwe. Wakakumbatiana, wakasema kuanzia leo hatufichani.

Sasa sisi. Msiangalie juu, hakuna kitu juu, naongea na nyinyi. Hapa kwetu kuna wazee wa kanisa, kuna akina mama, kuna vijana, kuna kwaya mbili ambazo hata Mungu anashindwa aanze kusikiliza ipi. Wote tumepewa mstari uleule: mtunze mgonjwa, mfariji aliyefiwa. Na mtu wa kwaya akijua nani ameugua, je, anamwambia mzee wa kanisa? Hamwambii. Anataka kwaya ifike kwanza, isikike kwamba ilifika kwanza. Mzee naye akijua, anaifunga zipu. Na mimi nimo, msidhani nimetoka. Tunasema wenzetu wanatuingilia kazi. Mgonjwa pale kitandani anajali imeletwa na nani? Anachotaka ni kwamba habari ifike, na iwe moja. Ukijua jambo la kumwokoa mtu, mpe aliye karibu na barabara.

Ila sitawaacha mwende na uongo, maana nimesimama mahali pa kweli. Ile ya kukumbatiana nimeitunga. Karatasi haikutolewa, na mzee hakulia. Benchini walikaa, kila mtu na kona yake. Muuguzi akatoka akasema mama ataishi, lakini sauti yake haitarudi kama zamani. Kabla hajamaliza, mkurugenzi akapiga simu: inatakiwa taarifa ya kuwaomba radhi wananchi, jioni hii, nani anaiandika?

Wakasimama wote watatu, na kila mmoja akatoa kalamu.