Kwa Nini Maji ya Mfereji Huanzia Shamba la Mwisho

Zamani maji ya mfereji wetu yalianzia kwa aliye juu, yakashuka kwa anayemfuata, na wa mwisho akapata yaliyobaki. Hakuna aliyeona ubaya, maana walioona ubaya walikuwa chini, na sauti zao hazikupanda mlima. Haya nayasema kama bibi yangu alivyoyasema, naye hakuwa mtu wa kupamba.

Mfereji ulikuwa wa wote, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Tope likijaa, kila mtu alisema fulani atakwenda kuzibua. Fulani naye amekaa kwake anamngoja fulani mwingine. Nani avunje mgongo siku nne, halafu aliyelala anyweshe shamba sawasawa na yeye? Msidhani walikuwa wajinga. Kila mmoja alikuwa na akili yake timamu, ila akili zote hizo zilipokusanyika zikazaa upumbavu.

Shamba la mwisho lilikuwa la Nakijwa, mjane aliyelea wajukuu watatu. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na maharage yenye maua hayangoji mkutano. Yakikosa maji wiki ile, watoto wangeshinda na njaa mpaka mvua za vuli. Akapanda mlima na jembe lake, peke yake. Siku nne alichota tope, akakata mizizi, akang'oa mawe. Siku ya tano maji yakatembea.

Shamba la juu kabisa lilikuwa la Senkondo, kaka wa marehemu mumewe. Akayageuzia kwake kwanza, kisha akamsalimu kwa adabu zote.

"Pole na kazi, shemeji. Maji yamefika."

"Yamefika kwako," alisema Nakijwa.

Wa pili akachukua, na wa tatu, mpaka wa kumi na tisa. Kwa Nakijwa ulifika unyevu tu, kuku akaukwaruza ukakauka. Angefanya nini? Kuuziba mfereji awakomoe wao ni kujinyima yeye kwanza. Maharage yakafa. Akawachukua wajukuu, akahamia kwa ndugu zake ng'ambo ya mlima.

Msimu uliofuata tope lilirudi, Nakijwa hakurudi. Wanaume wakakutana, wakaapa kwamba kesho watakwenda wote. Wakaenda watatu. Mahindi yakaanza kujikunja hata kwa Senkondo, maana mfereji ukizibika kwenye chanzo haujali nani yuko juu. Mwishowe wakamfuata mjane kumwomba arudi azibue, mbuzi mkononi, macho chini.

"Mbuzi mrudisheni," akasema. "Mimi nataka maji yaanzie kwangu."

"Shemeji, yatapitaje mashamba kumi na tisa bila kuguswa?" akauliza Senkondo.

"Hilo ni lenu. Yakishanifikia mimi, ndipo anyweshe aliye juu yangu, kisha aliye juu yake."

Walikubali kwa shida, si kwa wema. Siku ya kazi pembe ikapigwa, kila mtu akazibua kipande kinachopita kwake, kijito kikageuziwa mferejini. Maji yakaja, yakasimama kwa Senkondo. Alikuwa ameona kisiki akakiacha. Zamani kisiki chake kingekuwa shida ya walio chini. Siku hiyo hakuna ambaye angegusa tone kabla ya Nakijwa, hata Senkondo mwenyewe, kwa hiyo watu kumi na wanane walisimama na majembe yao wakimtazama. Hakuna aliyemtukana. Mzee wa watu akavua shuka, akaingia topeni. Walipoona kisiki kinamshinda, wakaingia naye.

Alasiri maji yakafika shamba la mwisho. Nakijwa hakupiga vigelegele wala hakumshukuru mtu. Alichukua jembe, akayafungulia tuta la kwanza.

Na tangu siku hiyo, milimani kwetu zamu ya maji huanzia chini ikipanda juu, na mwenye kipande kichafu hana pa kujificha. Wageni wakiona hivyo hutusifu. Hudhani tuna huruma sana kwa wajane. Hatuna. Tuna kiu, na tunajuana.