Tangazo la Sabuni

Wapendwa, kuna jambo nimelitafakari tangu ujana wangu na sijalipatia jibu, wala leo sitawadanganya kwamba nimelipata. Mtu akifiwa, lile kubwa hulipokea. Atasimama kaburini, atatupa udongo wake, atawashukuru waombolezaji kwa sauti isiyotetemeka. Kisha atarudi nyumbani, akute chumvi imezidi kwenye mchuzi, avunje bakuli. Kwa nini? Mlima ameubeba, kokoto linamwangusha. Nimewauliza wazee, nimewauliza waliosoma, kila mmoja akanipa jibu lake, na hakuna lililonitosha.

Jibu sina, lakini hadithi ninayo.

Kulikuwa na muuza rangi mmoja katika mji mdogo chini ya milima, mji ambao alasiri ukungu huteremka taratibu mpaka mtu haoni tena mwisho wa barabara. Alikuwa na mke, nao walikuwa na binti mmoja tu, mwimbaji wa kwaya ya vijana. Binti aliugua muda mfupi, akafa. Jina lake nitalitaja mbele, si sasa, kwa sababu hata nyumbani kwao halikutajwa.

Mnajua desturi yetu. Mtoto akishazaliwa, wazazi huvua majina yao kama mtu avuavyo viatu mlangoni. Huyu anakuwa Baba Fulani, yule Mama Fulani, na miaka inapita hata mume asahau kwamba mkewe aliwahi kuitwa jina jingine. Sasa fikirini. Binti akishazikwa, mume atamwitaje mkewe? Kila akifungua kinywa, jina linalokuja ni la marehemu. Basi hakumwita. Wala mke hakumwita mumewe. Mmoja akimtaka mwenzake alimfuata alipo, akasimama karibu, akakohoa kidogo. Waliishi hivyo kwa upole, bila ugomvi, na jirani waliipita nyumba ile wakiisifu.

Lakini Jumapili alasiri palikuwa na jambo moja. Kwaya ilikuwa imeweka video mtandaoni, ya wimbo mmoja, iliyopigwa kwa simu kutoka nyuma ya kanisa. Muuza rangi alifungua kompyuta yake ya dukani pale nyumbani mezani, kando ya dirisha lenye pazia la rangi ya chungwa, na chumba kizima kikawa kama kiko ndani ya papai lililoiva. Pale kwenye kioo, safu ya pili, alisimama binti yake katika joho la buluu. Katika ubeti wa tatu aligeuza uso upande, kama mtu aliyeitwa, akatabasamu, kisha akarudi kwenye wimbo. Baba yake hakujua alikuwa akimtazama nani. Kila Jumapili alikingoja kitabasamu kile, na kila Jumapili kilimpita kama harufu ya mvua inayonyesha kijiji cha pili.

Kabla ya video, lazima tangazo. La sabuni. Mama mmoja anaanika mashuka meupe kwenye upepo, na wimbo unalia: ng'ara, ng'ara, nyumba nzima ing'are. Mnayajua matangazo, yana kelele kuliko kile ulichokuja kukitazama. Kwaya yenyewe ilisikika kwa mbali, ilimbidi mtu ainame. Sabuni ilisikika mpaka uani.

Na kila Jumapili, tangazo lilipokwisha na kwaya ilipoanza, mke alikuwa ameshafika, mikono imelowa, amekaa kwenye kiti cha pembeni. Walitazama, wimbo ukaisha, akarudi jikoni. Mume aliamini kwamba moyo wa mama ndio uliomwambia saa.

Haya, turudi kwenye kokoto. Mtu huyu aliyembeba mwanawe mpaka kaburini bila kuyumba, alishindwa kulivumilia tangazo la sabuni. Mashuka yale meupe yalimkumbusha sanda. Akamwita kijana mmoja fundi wa kompyuta, akamweleza. Fundi akacheka, akamwambia dawa ipo. Kivinjari, ile programu tunayofungulia mitandao, kinaweza kupachikwa programu nyingine ndogo ya kuzuia matangazo.

"Mzee, nimekuwekea bawabu," alisema alipomaliza. "Sabuni haitapita hapa tena hata ikija na barua ya mkuu wa wilaya."

Na kweli haikupita. Jumapili iliyofuata muuza rangi alibonyeza, kwaya ikaanza papo hapo, safi, tulivu. Alishusha pumzi. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Hakukitilia maanani siku ile. Jumapili ya pili kikawa kitupu tena, na ya tatu. Akawaza kwamba mkewe amechoka kulia, kwamba labda akina mama husahau mapema kuliko tunavyodhani. Akamhukumu polepole, kwa huruma, na hukumu ya huruma ndiyo ngumu kukata rufani. Kumbe jikoni naye mke aliosha vyombo huku ametega sikio. Alipomchungulia mumewe mezani, aliona mtu na hesabu za duka. Akawaza kwamba wanaume ndivyo walivyo, huzika mara moja.

Ni nani kati yao alikosea, wapendwa? Mimi simwoni.

Mvua za vuli zikaja, zikaondoka. Jumamosi moja mke alisimama karibu na mumewe, akakohoa, akamwambia kwamba atakwenda Tanga kwa dada yake kupumzika. Mume akauliza atarudi lini. Mke akasema atatuma salamu. Mkoba ukawekwa mlangoni. Basi lilikuwa la Jumatatu asubuhi.

Jumapili ile mume alikaa mezani bila kujua amekaaje. Alipofungua kompyuta, kivinjari kilikuwa kimejisasisha chenyewe, kama vifanyavyo bila kumwomba mtu ruhusa. Wenye kivinjari walikuwa wamebadilisha kanuni zao, na kwenye kioo yakatokea maneno kwamba kile kizuizi hakikubaliwi tena, kimezimwa. Bawabu amefukuzwa kazi. Muuza rangi alibonyeza tu, na ukungu ulikuwa umeshafika dirishani, na kutoka ndani ya ukungu ule yule mama akaanza kuanika mashuka. Ng'ara, ng'ara, nyumba nzima ing'are. Mwenye sabuni hakuwa na haraka ya kutunga wimbo mwingine.

Jikoni sahani iligonga karo. Nyayo zikaja mbio, na kabla tangazo halijaisha mke alikuwa mlangoni, mikono ikichuruzika povu.

"Umerudi kumtazama," alisema.

"Sikuacha," mume akajibu. "Wewe ndiwe uliyeacha kuja."

"Ningekujaje? Hukuniita."

Akataka kumwambia kwamba hakuwahi kumwita hata siku moja. Lakini alitazama kompyuta, akatazama ile mikono yenye povu, akaelewa ni nani aliyekuwa akiita kwa niaba yake miezi ile yote.

Mke akakaa. Kwaya ikaimba. Ubeti wa tatu ulipofika, mume akauliza, kwa mara ya kwanza, "Hapa anamtazama nani?"

"Ananitazama mimi. Siku ile nilichelewa ibada. Nilisimama mlangoni na mwavuli wako, ule uliovunjika mbavu."

Wapendwa, sikusimama hapa kuwasema wanaozuia matangazo. Nusu yenu mna programu hiyo simuni, na si dhambi kutaka utulivu. Wala siwatetei wenye sabuni na wenye vivinjari; wao wanatafuta yao. Nasema habari zetu sisi. Sisi tuliokabidhi kuitana kwetu kwa kengele ya kanisa, kwa msiba wa jirani, kwa honi ya mwenye maziwa, tukidhani ni mioyo yetu inayoongea. Ni nani nyumbani mwako anayeosha vyombo hivi sasa huku ametega sikio? Kelele ikinyamazishwa, utamwita kwa sauti ya nani?

Mtataka kujua mambo yaliishaje. Mkoba uliondolewa mlangoni, ukarudishwa chumbani. Fundi alipita akasema kipo kivinjari kingine kinachowakubali mabawabu, nao wawili wakakubaliana akiweke. Sabuni isirudi. Ila atakayefungua kompyuta ndiye atakayeita, na ataita kwa jina.

Jumapili iliyofuata zamu ilikuwa ya muuza rangi. Kwanza alijaribu kukwepa. Akauimba ule wimbo wa sabuni kwa sauti yake ya kukwaruza, na jikoni akasikia mtu anacheka, lakini hakuja. Patano halikuwa wimbo. Basi akashika ukingo wa meza kwa mikono yake miwili yenye madoa ya rangi, akaita.

"Mama Nakijwa."

Jikoni, bomba la maji likafungwa.