Pedi ya Fundi Banzi na Kitambaa cha Mkewe

Hii nimetumiwa na wifi yangu, naye katumiwa na mtu wa kwaya kwao. Imeanzia wapi sijui. Kama una haraka iache kwanza, uisome ukishakula, maana si ya kusoma ukiwa umesimama.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja Morogoro, Fundi Banzi. Suruali ya Fundi Banzi ukiivaa unatembea kama mwenye hela hata kama mfukoni mna vumbi. Watu walitoka mbali kumletea vitambaa vya harusi. Alikuwa hapimi mara mbili. Anakutazama tu, anachukua chaki, anakata.

Asubuhi moja akaamka upande wa kulia hautii. Mguu mzito, mdomo umepinda, mkono umelala juu ya shuka kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kiharusi. Akalazwa hospitali, akarudi nyumbani anatembea kwa kushikiliwa, maneno yanatoka moja moja. Lakini vile vidole vya kulia, vya kazi, vikagoma.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwambia waziwazi, "Fundi, vidole hivi vikikaa bure vitakakamaa. Vikikakamaa, mkasi hutaushika tena. Vipe kazi kila siku, hata ukichoka."

Akapewa mpira mdogo wa kuminya. Aliuminya siku kadhaa, ukamchosha, akaukamata kwa mkono wa kushoto akamrushia kuku. Ikawa mwisho wa mpira.

Sasa fundi alikuwa na binti mmoja tu, Tausi, karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tausi akafikiri, baba yangu huyu hapendi mazoezi, lakini mpira wa miguu je? Akaenda mjini akanunua pedi ya gemu, ile isiyo na waya, akaiunganisha na kompyuta yake ya kukunja, akaweka gemu la mpira. Akamkalisha baba kwenye kiti chake cha ukutani chenye mito, akamtilia pedi mikononi.

Ee bwana. Mzee alicheza. Kidole gumba kikawa kinatafuta kitufe, kinakosa, kinatafuta tena, kinakipata. Alifungwa mabao hadi aibu, akalaumu refa, akasema kanunuliwa. Mkewe, Mama Tausi, alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akicheka huku machozi yanamtoka, kwa sababu tangu wametoka hospitali hakuwa amemsikia mumewe akilaumu chochote.

Muuzaji wa pedi alikuwa amemwonya Tausi, "Dada, usiichomeke kwenye chaja ya simu, betri yake itaungua. Ichaji kupitia kompyuta." Basi wakafuata hivyo hivyo. Jioni haikuwezekana, maana kompyuta ilikuwa na tundu moja tu zima, na jioni tundu hilo lilikuwa la modemu, Tausi anasoma masomo yake. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa anaweka kompyuta mezani sebuleni, anaiacha wazi, inawaka, anachomeka waya wa pedi. Kitaa kidogo cha pedi kinawaka. Anaaga, anakwenda. Mchana, baada ya kula, Mama Tausi anachomoa pedi, anampelekea mumewe pale kitini ambako waya haufiki, anacheza.

Na kila mchana pedi ilikuwa inakata roho kabla hata ya mapumziko ya mechi.

"Mama, kuna mtu anachomoa waya?" Tausi aliuliza.

"Nani achomoe? Kabla ya mchana waya siugusi, hata kwa kidole."

Na ni kweli, alikuwa haugusi. Tausi akanunua waya mwingine. Mchana pedi ikazima. Akairudisha kwa muuzaji, muuzaji akaichomeka kwenye kompyuta ya dukani kwake, ikashinda pale, ikajaa hadi juu. "Pedi nzima hii, dada. Tatizo liko kwenu," akasema. Akairudisha nyumbani, siku ya kwanza ikacheza, kesho yake mchana ikazima. Hapo ukianza kusikia watu wanasema nyumba ina mkono wa mtu, usishangae, ndivyo yanavyoanza.

Fundi naye akaanza kurudi nyuma. Mwanzo alikuwa anaudai mchezo wake kama mtoto anavyodai uji. Baadaye akawa anapokea pedi, inazima, anaiweka pajani kimya. Siku nyingine hakuitaka kabisa. Vidole vikaanza kujikunja ndani ya kiganja. Mtaalamu alipovinyoosha, mzee aliuma meno.

Ndipo siku moja akatamka, neno moja moja, "Mwiteni Mwanahija. Aje. Achukue cherehani."

Mwanahija ni fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Cherehani ile ni ya chuma, ya kukanyaga, Fundi Banzi aliinunua kabla hajaoa. Mama Tausi akaingia jikoni, akafungulia bomba maji yatoke tu, ili wasimsikie. Tausi akampigia Mwanahija simu kwa sababu baba kaagiza, na alipokata simu alijiona kama amempigia mchimba kaburi. Mwanahija akasema atakuja Jumamosi.

Siku moja kabla ya hiyo Jumamosi, duka la Tausi halikufunguliwa, mwenye duka kafiwa. Tausi akachomeka pedi kama kawaida, kitaa kikawaka, halafu akajilaza kidogo chumbani, pazia limefunguka nusu. Kutoka kitandani anaona meza. Baba yuko kitini kwake, anapata jua la dirishani.

Mama akamaliza vyombo. Akaja sebuleni akijifuta mikono. Lazima nikwambie, Mama Tausi ni wale kina mama ambao kitu cha thamani hakikai uchi nyumbani kwao. Redio ina kitambaa cha kufuma, jagi lina kitambaa, mtungi wa gesi una sketi. Akaitazama kompyuta ya bintiye, imekaa wazi, vumbi la barabarani linaingia, mijusi inapita ukutani. Akaushusha mfuniko wake taratibu, kwa upendo kabisa. Akatandika juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, akakinyoosha pembe zote, akarudi zake uani.

Na kitaa cha pedi kikazima.

Tausi akatoka chumbani bila viatu. "Mama, njoo mara moja."

Mama akaja. Tausi akaondoa kitambaa, akafungua kompyuta, kitaa kikawaka. Akaifunga, kikazima. Akafungua tena.

"Ukiifunga inalala, Mama. Ikilala haitoi umeme. Pedi inakaa na njaa mpaka mchana ukiifunua."

Mama Tausi akatazama kitaa. Akamtazama mumewe, na ule mkono uliojikunja pajani. Akakaa chini, palepale sakafuni.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Muda wote huu namwombea mume wangu mkono wake urudi, kumbe ninayeuzuia ni mimi."

"Mama, hukujua. Hata mimi nilikuuliza waya, sikukuuliza mfuniko."

Tausi alikuwa ameinama kumwinua mama yake, na hapo ndipo baba aliposema kutoka kitini.

"Mwambie mama yako asilie. Mimi nilijua."

Wote wakageuka.

"Ulijua nini, Baba?"

"Nakaa hapa kila siku. Naona. Akifunika, taa inazima. Nilijua tangu mwanzo."

Tausi akahisi hasira inampanda, na simlaumu. Waya wa pili amenunua, dukani amerudi, usingizi amekosa. "Baba. Kwa nini hukusema? Mkono ni wako. Cherehani ni yako. Unaiuza na sababu unaijua?"

Mzee akatafuta maneno, na safari hii si kwa ajili ya ugonjwa. Kisha akanyoosha kidole cha kushoto kwenye kile kitambaa cheupe.

"Hicho alikifuma hospitali. Kwenye benchi. Mimi siwezi kusema, siwezi kugeuka, naona mikono yake tu inafuma. Hakulala. Tangu hapo ananiosha, ananilisha. Halafu mimi nimwambie, mke wangu, kitambaa chako kinaniumiza? Sikuweza. Nikasema basi, mkono uende."

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi. Mtu yuko tayari kupoteza mkono wa kulia, mkono uliomlisha maisha yake yote, ili mkewe asihuzunike kwa muda mfupi.

Tausi alidhani mama yake ataangua kilio. Mama Tausi hakulia. Alisimama, akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akaenda akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Tausi, nisikilize. Nimekuogesha. Nimekubadilisha nguo kama mtoto. Nimekubeba chooni mgongo ukilia, wala sikuvunjika. Leo ukadhani nitavunjwa na neno 'fungua'?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Ulinihurumia, nashukuru. Lakini huruma yako hiyo imenifanya niwe adui yako bila kujijua, kila asubuhi, kwa mikono yangu mwenyewe. Ungeniambia, ningekasirika mpaka saa sita, mchana tungekula pamoja. Sasa nikae na hili mpaka lini?"

Mzee akalia. Ndiyo, mwanaume mzima alilia, na mkewe akamshika kichwa akakiegemeza tumboni kwake. Tausi akaenda kuchemsha chai, kwa sababu kuna mambo ya wazazi mtoto hapaswi kuyatazama mpaka mwisho.

Jumamosi Mwanahija alikuja na mkokoteni na vijana wawili wa kubeba. Mama Tausi akamkuta mlangoni, akamkaribisha chai, akamwambia kwa heshima kwamba cherehani haiuzwi, mwenyewe anaihitaji. Mwanahija akachungulia ndani, akamwona fundi na pedi yake anamtukana golikipa, akanywa chai yake akaenda.

Usiniulize kama mkono ulirudi wote. Haukurudi wote. Vidole vitatu vinafanya kazi vizuri, viwili ni vya kusindikiza. Anakata nguo taratibu, na anapima mara mbili kama mafundi wengine.

Ila wanasema siku chache baada ya yale, asubuhi, mzee alikunywa uji wake, akaweka kikombe chini, akamtazama mkewe.

"Mama Tausi. Kwa kuwa sasa tunasemeshana. Huu uji, tangu nimetoka hospitali, hauna sukari."

"Daktari alikataza sukari."

"Alikataza chumvi."

Mama Tausi akamkodolea macho. "Na ukanywa tu? Miezi yote hiyo?"

"Nikanywa."

Akachukua kikombe akarudi nacho jikoni, na njia nzima alikuwa anamsema kwa sauti, majirani wakasikia. Mzee alikuwa amekaa kitini pake anatabasamu kwa upande ule unaoweza.

Funzo: Anayekupenda hawezi kurekebisha jambo asiloambiwa. Ukinyamaza ili usimuumize, unamgeuza yeye kuwa ndiye anayekuumiza, naye hana habari. Mwambie kwa upole, lakini mwambie mapema, maana asiyejua hana kosa la kuomba radhi wala nafasi ya kukufaa.