Nukta ya Kijani

Mtungi ukisimama pembeni mwa ukuta, kila apitaye ana la kusema. Huyu atalisifu umbo, yule ataisifu rangi, na wa tatu ataapa kwamba maji yake ni baridi ilhali hajawahi kuyaonja. Kata haisemi kitu. Kata huzama, ikagonga chini, ikajua maji yamebaki kiasi gani na tope limeanzia wapi. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Balaa la dunia hii ni kuwa wasifiaji wa mitungi hupewa kipaza sauti, na kata hutundikwa msumarini.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshona sare za shule na mapazia katika chumba kimoja mkabala na kituo cha treni. Alitembelea kiti cha magurudumu tangu alipokuwa na umri wa miaka tisa. Cherehani yake ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono, na aliyemfundisha kuizungusha ni mama yake mzazi, mshonaji wa zamani, mkali kama pilipili, ambaye hakuwahi kumlegezea kamba hata siku moja kwa ajili ya ile miguu. Neno la mama lilikuwa moja: "Cherehani ikilia, mwenyewe ni mvivu. Itie mafuta."

Mama huyo sasa alikuwa kikongwe, akilelewa na wifi yake Fundi karibu na kituo cha mwisho cha reli hiyo hiyo. Barabara ya huko ilikatika tangu mafuriko yazoe daraja, na daraja lenyewe kila mwaka hujengwa redioni. Ikabaki treni. Safari ya saa mbili na nusu. Kwa mwenye miguu ni kupanda, kusinzia na kushuka. Kwa Fundi, mama alikuwa mbali kama mtu aliyevuka dunia.

Haikuwa hivyo zamani. Kituo cha kwanza kilikuwa kibovu, bati lake likivuja, lakini kilikuwa sawa na ardhi. Alijisukuma mwenyewe hadi mlangoni mwa behewa, wapagazi wakamwinua shubiri moja, safari ikaanza. Miaka sita iliyopita wakakibomoa, wakajenga cha vioo chenye ngazi ishirini na mbili. Siku ya ufunguzi mheshimiwa mmoja alisimama juu ya ngazi hizo akatangaza kuwa hiki ni kituo cha watu wote, na kwamba lifti ingewekwa mwezi ujao. Fundi aliyasikia hayo akiwa chini, barabarani. Hakuyasahau, kwa sababu utepe uliokatwa siku ile aliupinda yeye, kwa sindano yake, akijua kuwa anapinda utepe wa kituo chake. Mwezi ujao ukageuka miaka sita. Shimo la lifti likawa stoo ya ndoo na mifagio.

Mara moja tu alikubali kubebwa. Kwenye ngazi ya kumi na tano kijana mmoja aliteleza, na Fundi akashinda wiki sita bila kushona, mkono ukiwa ndani ya plasta. Toka hapo aliapa kwamba hatabebwa tena kama gunia la mkaa.

Basi akawa anasafiri kwa masikio. Kila siku treni ya saa tatu kasorobo ilipopiga honi, mkono wake ulisimama juu ya gurudumu la cherehani. Alihesabu moyoni: sasa iko kwenye kona ya kiwanda, sasa inavuka mto, sasa mama anaisikia. Wateja walikwisha kumzoea. Ukimkuta katika hali hiyo, ulingoja mpaka arudi.

Wifi alipiga simu kila Jumapili. Habari zilikuwa zikipungua kama mshumaa. Mwanzo mama alisahau siku, kisha akasahau majirani, kisha akamsahau mwanawe wa kiume aliyekuwa akimletea chai kila asubuhi. Daktari aliandika kwamba hatambui mtu. Jambo moja tu lilikuwa limebaki: kila alasiri aliuliza binti yake mshonaji anakuja lini.

"Wifi, njoo," yule wifi alisema siku moja. "Umebaki wewe tu humo kichwani mwake. Njoo kabla hujatoka."

Mwaka huo kundi la wajitolea likaingia mjini. Kulikuwa na walimu, muuza dawa mmoja, na kijana mrefu aliyewaongoza, ambaye watu walimbatiza jina la Nukta kwa kuwa hakupita penye mlango bila kuuwekea nukta kwenye simu yake. Walikuwa wakichora ramani ya mji: milango yote ya stesheni, vituo vyote vya basi, na mahali basi linapogeuzia. Hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Mlango wenye ngazi waliuwekea nukta nyekundu. Usio na ngazi waliuwekea ya kijani. Walikuwa watu wema, na wema wao ndio ulioleta msiba huu mdogo, maana wema huwa hauulizi maswali mengi.

Nukta alifika kwa Fundi na suruali iliyochanika mfuko kwa uzito wa simu mbili. Akamwamkia, akaketi, na wakati sindano ikienda akamwonyesha ramani yake kwa fahari ya mzazi. Alimweleza kwamba nyuma ya kituo, kwenye uchochoro wa bohari, kuna lango ambalo watu wa mtaa hata hawalijui. Njia yake ni bapa mpaka kwenye jukwaa la treni.

Cherehani ikasimama. "Bapa kabisa?"

"Kabisa, mama. Nimepita mwenyewe. Tazama, kijani."

Fundi aliitazama nukta ile kama mtu anayetazama nyota. Siku mbili zilizofuata alishona gauni la mama, rangi ya bluu, kola pana, vifungo vikubwa ili vidole vya uzee visihangaike. Alimpigia wifi kumwambia kwamba Jumatano anakuja.

Jumatano akaamka mapema, akatundika mfuko wa gauni nyuma ya kiti, akajisukuma kuuzunguka ukuta wote wa kituo. Lango alilikuta. Lilikuwa na mnyororo mnene na kufuli la ukubwa wa ngumi. Mlinzi aliyeketi ndani hakuinuka; alisema hapo ni pa mizigo. Fundi akamwonyesha simu kupitia nondo za lango, akamweleza kuhusu nukta ya kijani.

Mlinzi akaichungulia. "Na hiyo simu yako ina ufunguo?"

Mkuu wa kituo akaitwa, akaja anafuta mdomo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu, na hao ni wagumu zaidi. Alieleza kwa upole kwamba kufungua lango kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji sababu. Tangu aletwe hapa, alisema, hajawahi kuona abiria wa kiti cha magurudumu.

"Ungemwonaje," Fundi akamuuliza, "na umefunga?"

Treni iliingia, ikapumua, ikapiga honi. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alikuwa karibu nayo kiasi cha kuhisi ardhi ikitetemeka chini ya magurudumu yake. Kisha mtetemo ukafifia, akabaki ameshika nondo kwa mikono miwili.

Jioni wifi alipiga simu. Mama alivishwa, akawekwa mlangoni tangu asubuhi, akauliza binti yake yuko wapi mpaka jua likageuka.

"Na sasa?" Fundi akauliza.

"Sasa ameacha kuuliza."

Wajitolea walikutana kila Jumamosi saa moja na nusu asubuhi katika darasa la shule ya jirani. Jumamosi ile walimwona Fundi akiingia bila hodi. Mfuko wa gauni ulikuwa bado unaning'inia nyuma ya kiti chake. Tangu Jumatano hakuwa na moyo wa kuutoa. Nukta alisimama kumkaribisha, akitabasamu. Tabasamu lilimfia usoni.

Fundi hakupandisha sauti. Aliwasimulia habari ya kufuli, ya mlinzi, ya mama aliyeacha kuuliza. Nukta alijitetea kwamba hakutunga. Aliliona lango likiwa wazi kwa macho yake mwenyewe.

"Siku gani?"

"Jumamosi."

"Na mlango wa stesheni ya kaskazini, huu wa kijani?"

Nukta aliangalia simu. "Jumamosi."

Akamuuliza mwingine, na mwingine. Muuza dawa akataja yake, walimu wakataja zao, na kila jibu lilikuwa lile lile. Wote walikuwa na kazi zao. Siku pekee waliyokuwa huru kutembea ilikuwa Jumamosi, siku ambayo lango la nyuma hufunguliwa ili mikokoteni ya vifurushi iingie. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mlango nao una siku zake.

"Mmechora mji wa Jumamosi," Fundi akasema. "Sisi tunaishi humo siku saba."

"Lakini niliona, mama," Nukta akasema, safari hii kwa unyonge.

"Uliuona mtungi, baba. Hukuchota."

Hapo ndipo muuza dawa, mtu mzito wa maneno ambaye hakuwa amefungua kinywa ila kujibu, alipoinua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Akauliza taratibu kama mtu anayeogopa jibu: kwani leo si Jumamosi?

Fundi hakungoja amalize. Aligeuza kiti palepale. Darasa zima likamfuata kwenye uchochoro wa bohari, walimu wakikimbia na mikoba kama watoto waliochelewa gwaride. Lango lilikuwa wazi kabisa. Mikokoteni ilikuwa ikipita, mlinzi akihesabu vifurushi. Alimwona, akafungua mdomo, akawaona na watu tisa nyuma yake, akaufunga.

Ndani, njia ilikuwa bapa kama ilivyosemwa, isipokuwa mahali pamoja. Kabla ya kufika jukwaani palikuwa na mfereji uliofunikwa kwa nondo zilizoachana upana wa vidole vitatu. Mwenye viatu hauoni. Nukta alikwisha shika mipini ya kiti asukume mbele kwa haraka, treni ikipiga honi ya kwanza.

"Simama!" Fundi akasema. "Gurudumu dogo likizama humo, mimi na meno yangu tunaachana. Nigeuze. Kubwa litangulie."

Wakavuka kinyumenyume. Gurudumu moja lilijipiga kwenye nondo, na toka hapo likaanza kulia, kwi, kwi, kila lilipozunguka. Wapagazi wawili wazee walimtambua, wakaacha mikokoteni yao, wakamwinua shubiri moja. Nukta akaruka ndani nyuma yake bila tiketi wala kofia.

Njiani hawakuzungumza sana. Fundi aliegemea dirisha. Kona ya kiwanda ikapita, mto ukapita, na kila kimoja kilikuja kwa wakati ule ule aliouhesabu miaka sita. Kijana alikuwa ameinama juu ya simu, akifuta nukta za kijani moja baada ya nyingine, themanini na kitu, na mahali pa kila moja akiandika: imeonwa Jumamosi tu. Fundi alimwona, akamwambia aandike na ule mfereji. Kisha akasema kwamba Jumatatu warudi na wakae langoni siku zote saba, naye atakuwepo, na mkuu wa kituo atapata sababu ya kibali chake mpaka ashibe.

Kwenye kituo cha mwisho, ambacho bado kilikuwa sawa na ardhi, Nukta na mpagazi mmoja walimshusha. Kwa wifi hawakuwa wamepiga simu. Fundi hakutaka kuahidi tena.

Mama alikuwa mlangoni, kwenye kiti cha kamba, mdogo kuliko alivyomkumbuka. Fundi alisimamisha kiti mbele yake, akatoa gauni, akalikunjua. Mama alilitazama, akamtazama aliyelishika, akatabasamu kwa adabu.

"Karibuni, wageni," alisema. "Wenyewe wako ndani."

Wifi, aliyetokea mlangoni, akageuza uso. Fundi alikunja gauni taratibu, akaliweka mapajani. Kwa kuwa hakujua la kufanya, alijisogeza karibu, ili hata kama hakumbukwi awe walau ameketi kivulini na mama yake.

Kwi, kwi.

Paji la mama likakunjamana. Aliinua mkono, akapapasa hewani, ukatua juu ya gurudumu la kiti. Vidole vikalishika vile linavyoshikwa gurudumu la cherehani; akalizungusha nusu, akatega sikio, akalirudisha.

"Inalia," akasema kwa ukali. "Mwenyewe ni mvivu. Nimekwambia mara ngapi uitie mafuta, mwanangu?"

Fundi akainamisha kichwa juu ya mkono ule, mabega yakitikisika, akaitikia kwamba ataitia, mama, leo hii hii ataitia. Nukta alisimama uani, simu ikiwa mfukoni, hakuthubutu kuigusa. Mheshimiwa alikisifu kituo, kijana akaisifu njia, daktari naye akaandika kwamba yule mama hatambui mtu. Wote waliuona mtungi kwa nje. Siri ya mtungi aijuaye kata.