Kigoda cha Bibi Kisa

Aulizaye wima hujibiwa mlangoni. Methali hiyo mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Nitawaambia, ila msinikatize. Mkinikatiza naanza upya.

Ilianzia huku huku kwetu milimani Rungwe. Tusekile alisomea ustawi wa jamii, akafaulu vizuri, kisha akakaa nyumbani miaka akitafuta kazi. Bahasha zake zilichakaa kwa kuzungushwa ofisi hadi ofisi, na majirani wenye midomo wakaanza kuuliza kama binti alifaulu kweli. Kwa hiyo alipoitwa kwenye shirika moja la kuhudumia watoto, mama yake alilia kanisani mbele ya watu na hakuona haya. Lakini kazi ilikuwa ya majaribio. Akivuruga, anarudi nyumbani.

Alianza kwa kutumwa kumtafuta Lugano, mtoto wa darasa la pili ambaye alikuwa haonekani shuleni. Mtoto huyo alilelewa na bibi yake, Bibi Kisa. Tusekile alimkuta bibi jikoni akimenya ndizi. Bibi akamsogezea kigoda.

"Karibu ukae, mwanangu."

"Asante bibi, sikai, nina haraka. Lugano yupo?"

"Amekwenda kwa mjomba wake, Kyela."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Tusekile akashukuru na kuondoka, roho kwatu. Sasa ninyi mnajua, kwetu mgeni akikataa kigoda, mwenyeji huelewa kwamba huyo anapita tu. Na mpita njia hapewi habari za ndani.

Msimamizi wake, Mama Ipyana, alimsikiliza hadi mwisho.

"Huyo mjomba anaitwa nani?"

Tusekile hakujua.

"Ulikaa?"

"Sikukaa, mama. Nilikuwa kazini."

"Basi hukufika. Rudi kesho, na safari hii ufike."

Maskini binti! Aliona kazi aliyoisotea miaka yote inamponyoka hata hajaizoea.

Kesho yake alikwenda mvua ikinyesha. Alipopewa kigoda alikaa, akaomba kisu, akaanza kumenya ndizi. Utomvu ukamchafua sketi mpya. Walizungumza habari za mvua na za ng'ombe aliyezaa. Bibi akamwuliza ukoo wa mama yake, akamjibu. Hakuuliza lolote kuhusu Lugano. Ndizi zilipokaribia kwisha, bibi mwenyewe ndiye aliyesema.

"Mwanangu, watoto mnaowachukua mnawapeleka wapi?"

"Nani kachukuliwa, bibi?"

"Watoto wanaolelewa na vikongwe kama mimi. Wakiumia, watu husema hatuwezi kulea."

Tusekile akaweka kisu chini. "Sikuja kumchukua mtoto. Ameumia wapi?"

Bibi akanyanyuka polepole, akafungua mlango wa chumba. Lugano alikuwa kitandani, mguu umefungwa kipande cha khanga. Uji wa moto ulikuwa umemmwagikia, na kidonda kilishaanza kunuka.

Walimpeleka hospitali saa ile ile. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, mguu ungepotea. Ukapona. Bibi alilala wodini pamoja na mjukuu wake, na hakuna aliyemnyang'anya.

Walipokuwa wamekaa kwenye benchi la wodi, Tusekile akauliza, "Bibi, juzi nilikuuliza kama Lugano hajambo. Mbona ulinificha?"

"Juzi ulikuja kuuliza wima, nami nikakujibu ya mlangoni," alisema Bibi Kisa. "Aliyesimama utamwaminije hata umwambie habari za mtoto?"

Tusekile alicheka huku machozi yakimtoka. Mtoto alikuwa mzima na kazi ilikuwa bado yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze alihisi ametua mzigo. Mama Ipyana alipohadithiwa, alilipenda neno lile, akawa anamwambia kila anayeajiriwa. Likatoka ofisini, likaingia sokoni na kanisani, mpaka likawafikia ninyi.

Basi nanyi mnaotafuta kazi, mtaipata. Siku mtakayotumwa kwenye nyumba ya mtu na mkapewa pa kukaa, kaeni. Aulizaye wima hujibiwa mlangoni.