Shikamoo ya Angani

Wapendwa, haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, kwa miguu yangu hii hii, nimesimama kando ya kiwanja cha ndege cha mji wetu, nimevaa suti ya kuazima. Na macho yangu enzi hizo yalikuwa makali kiasi kwamba rubani akimeza mate angani, mimi huku chini naliona koo likipanda. Anayebisha abishe, lakini abishe baada ya ibada.

Kulikuwa na marubani wawili. Majina yao nayahifadhi, maana wote bado wako hai na mmoja ana mkono mwepesi. Mkubwa alirusha ndege ya bluu, mdogo ya njano. Walijifunza kazi pamoja, wakalala chumba kimoja, wakavaa shati moja jeupe kwa zamu. Kiwanja chetu kilikuwa cha nyasi, hakina mnara, hakuna mtu wa kuwapangia marubani nani atangulie kutua. Desturi ilikuwa waambiane wenyewe redioni: mimi niko hapa, wewe uko wapi?

Na hao wawili, jamani, walianza kwa salamu. Mlinzi wa kiwanja alikuwa na redio ya upepo kibandani kwake, nasi tulikuwa tunakwenda kukaa pale kuwasikiliza tu, kama watu wanaokwenda mpirani. Mdogo akiiona milima yetu anasema shikamoo, mkubwa anaitikia marahaba, halafu anamuuliza kama leo amekumbuka kupiga mswaki. Tulicheka mpaka mbuzi waliokuwa wakila nyasi za kiwanja wakatukimbia. Siku zile hata anga letu lilikuwa kama baraza.

Kisha mdogo akapandishwa cheo, akaongezewa mstari begani ambao mkubwa hakuwa nao. Siku moja, mbele ya abiria, akamwambia mwenzake, "Kaka, kuanzia leo shikamoo naipokea mimi." Labda alitania, labda hakutania. Mkubwa hakucheka. Tangu hapo hawakusalimiana, si ardhini si angani, na sisi tukaacha kwenda kibandani. Nani aende kusikiliza redio inayokoroma?

Ikaja siku ya harusi. Ndege ya bluu imembeba bibi harusi na shangazi zake, ya njano imembeba bwana harusi na wajomba. Sisi wa kwaya tumejipanga na matarumbeta karibu na kibanda cha mlinzi. Jua liko utosini. Ndege zote mbili zikaja kutua kwa wakati mmoja, na hakuna aliyesema yuko wapi.

Sasa nisikilizeni. Ya bluu mabawa yake yako juu ya paa, kwa hiyo rubani wake haoni kilicho juu yake. Ya njano mabawa yake yako chini, usawa wa miguu, kwa hiyo rubani wake haoni kilicho chini yake. Na ya njano ilikuwa inashuka taratibu juu ya mgongo wa ya bluu. Ni kitu gani kingewaokoa, kama si mdomo?

Mkubwa alijua mwenzake yuko njiani. Akashika kipaza sauti, akabonyeza kitufe, akaisikia pumzi yake mwenyewe, akaachia. Akasema moyoni, aanze yeye, mimi ndiye niliyemfundisha kufunga tai. Akabonyeza tena, akaachia. Kule kibandani redio ikatoa kwikwi tu: krr, krr. Mdogo naye alizisikia, akajua ni nani, akasema moyoni, aanze yeye, mimi ndiye mwenye cheo. Na nyuma yao shangazi wanafunga vilemba, wajomba wanaweka kofia sawa. Walijua nini, masikini?

Mkubwa akatazama chini, kwenye mashamba ya maharage. Alipenda kukitazama kivuli cha ndege yake kikikimbia. Zamani walikuwa wanashindanisha vivuli, chake na cha mdogo, na aliyeshindwa ananunua chai. Siku ile akaona kivuli kimoja chenye mabawa manne. Kwanza moyo wake ukafurahi, kama mtu aliyeokota picha ya ujanani. Halafu akaelewa.

Chini kuna mikaratusi, juu kuna tumbo la mwenzake. Akikata kona, hajui atagonga wapi. Akabonyeza kitufe, na safari hii hakukiachia.

"Shikamoo, mdogo wangu," alisema. "Niko chini yako."

Mkubwa anamwamkia mdogo! Mlinzi aliangusha kikombe. Na redioni tukaisikia ile sauti ya siku zote, imepasuka kidogo: "Marahaba, kaka." Ya njano ikainua pua, ikapaa, magurudumu yakapita karibu mno na paa la ya bluu, kiasi kwamba shangazi mmoja aliapa ameona kokoto iliyonasa kwenye tairi. Harusi ikafungwa, pilau ikaliwa.

Sisi je, ndugu zangu? Wewe uliyekaa upande wa dirisha, na wewe uliyehamia upande wa mlango ili msikutane macho, mnadhani siwaoni? Tunabonyeza, tunaachia. Tunapiga simu, ikiita mara moja tunakata, tunasema aanze yeye. Na watoto wetu ndio abiria, wamekaa nyuma wanaweka kofia sawa. Usingoje kumwona mwenzako ndipo useme. Kutoka hapo ulipo humwoni, na yeye hakuoni. Leo, kabla ya chakula cha mchana, mwambie tu uko wapi.

Na kabla hatujasimama kuomba, nisije nikaondoka na dhambi madhabahuni. Yote niliyosema ni kweli isipokuwa neno moja. Redioni hapakuja marahaba. Ya njano ilipaa kimya, ikazunguka, ikatua, na mdogo akatembea mpaka kwenye gari bila kugeuka. Marahaba nimeiweka mimi. Kila nikisimulia naiweka, kwa sababu mkubwa hakushuka. Bibi harusi alifika kanisani, matarumbeta yakanyamaza, mkubwa bado yumo ndani ya ndege yake ya bluu, redio imewashwa, anaisubiri.