Vidole vya Chilongani

Huruma hainyooshi kidole. Mmemsikia Bibi Foibe akisema hivyo mlipokimbilia kumnyanyua mjukuu wake anayejifunza kutembea, mkamwona ana roho ngumu. Hana. Maneno hayo yalimgharimu, na chanzo chake ni hiki.

Mumewe, Chilongani, alikuwa mpiga zeze. Hapa kwetu harusi bila zeze lake ilikuwa kikao tu. Siku moja mkanda wa mashine ya kusaga ulimnasa mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, ukamkata kano za vidole. Hospitali ya mjini wakaziunga. Kwa kuwa hapa kwetu ni mbali na mjini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mmoja mpole, akampa kishikwambi chenye mchezo: unabana njugu kwenye kioo kwa vidole vile vile vinavyouma, kisha unavikunjua ili njugu ziangukie kapuni. Ukifanya vizuri inatoka nyota, na yule binti anaiona kule kule mjini.

"Itauma, baba," alimwambia. "Iache iume. Vidole visipofanya kazi sasa, vitaganda."

Iliuma kweli. Chilongani, mtu mzima, alilia mbele ya mkewe. Foibe alivumilia kutazama, hadi asubuhi moja akakivuta kile kishikwambi.

"Lete huku. Leo pumzika."

"Wataniona mvivu."

"Watajuaje? Kioo hakijui kidole ni cha nani."

Akazibana njugu kwa vidole vyake mwenyewe. Nyota zikamiminika. Kesho yake Chilongani hakungoja kuambiwa, alimsogezea. Ikawa ndiyo desturi yao. Baada ya muda binti akapiga simu: "Hongera, baba! Unaendelea vizuri, mwezi huu usijisumbue kuja." Foibe akafurahi, akamchinjia mumewe kuku.

Walipokwenda hatimaye, binti aliushika ule mkono. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya kuku aliyekufa. Akajaribu kuvinyoosha. Wapi!

"Sasa nyota zote zile ni za nani?"

Foibe akaficha mikono yake ndani ya khanga.

"Za mke wangu," Chilongani akajibu. "Vidole vyake vimepona vizuri sana."

Akacheka peke yake. Foibe akaanza kulia.

"Nilikuonea huruma, Baba Nyemo."

"Najua, mama. Na mimi niliipokea. Lakini huruma hainyooshi kidole."

Hakulisema tena jambo hilo mpaka alipokufa. Zeze lilibaki ukutani. Miaka yote hiyo, kila Foibe alipolishusha kulifuta vumbi, mumewe alitoka nje.

Mtazameni vizuri bibi yenu. Mtoto anapoanguka, mikono ya bibi huanza kunyooka kumfuata, kisha huirudisha akaificha ndani ya khanga, kama siku ile. Ndipo husema: huruma hainyooshi kidole.